Wapendanao, wapendao au wapenzi? Na Valentino aliwaoa nani?

SWALI: Nina duka la maua Arusha. Kila Februari huwa natia karatasi ndogo ndani ya shada, ina maelezo mafupi kuhusu siku yenyewe. Mwaka huu nimeandika hivi: "Kila ifikapo tarehe 14 Februari dunia nzima husheherekea Siku ya Wapendano. Siku hii ilianzishwa na Mt. Valentine, padri wa Kirumi aliyewaoa askari kwa siri baada ya mfalme Klaudio kupiga marufuku ndoa. Alinyongwa 14 Februari mwaka 270. Valentine kwa Kirumi maana yake ni mapenzi." Mteja mmoja amenisahihisha kuwa ni "Wapendao". Mwingine ameniambia niandike "Siku ya Wapenzi" yaishe. Nifuate lipi? Na kama kuna makosa mengine, naomba uyaondoe.

JIBU: Mteja wa kwanza amekosea. Wa pili hajakosea kisarufi, ila amelibadilisha jina. Wewe ndiye uliyekaribia kuliko wote, maana umepungukiwa herufi moja tu. Neno ni wapendanao.

Likate vipande ulione: wa-pend-an-a-o. Wa- ni kiambishi cha nafsi, yaani wao. -Pend- ni mzizi. -An- ni kiambishi cha kauli ya kutendana, kile kile kinachofanya "piga" iwe "pigana" na "ona" iwe "onana". -A ni kiishio cha kitenzi, na -o ya mwisho ni kirejeshi cha ngeli ya watu, inayobeba maana ya "ambao". Likiunganishwa lote linasema: wale ambao hupendana. Hakuna -na- wala -li- wala -ta- ya kuonyesha wakati, kwa hiyo si jana, si leo, ni desturi. Methali zetu nyingi zimejengwa kwa urejeshi wa namna hii usio na njeo: "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki", "Wapiganapo tembo, nyasi huumia". Hiyo "wapiganapo" ni pacha wa "wapendanao", tofauti ni -po ya wakati mahali pa -o ya watu.

Kwa nini basi wengi huandika "wapendano"? Sababu ya kwanza ni ulimi: mtu akitamka haraka, a na o za mwisho humezana. Ya pili ni kwamba tuna nomino tele zinazoishia na -ano: mapigano, mashindano, makutano, mapatano. Sikio limezizoea. Lakini hizo ni majina ya matendo, si majina ya watu. Wanaopigana hatuwaiti "wapigano", na wanaopendana vivyo hivyo.

"Wapendao" ni neno halali lenye kazi nyingine. Limekosa -an-, kwa hiyo linataja watu wapendao kitu fulani, na kitu hicho sharti kitajwe: wapendao haki, wapendao sifa, wapendao makuu. Ukiandika "Siku ya Wapendao" ukakomea hapo, msomaji anabaki anasubiri: wapendao nini? Tena kauli ya kutendana ina masharti yake. Inataka pande mbili au zaidi. Ndiyo maana husemi "Asha anapendana" ukanyamaza. Utasema "Asha na Juma wanapendana" au "Asha anapendana na Juma". Mwenye kupenda asiyependwa, kisarufi hana nafasi katika siku hii. Shada atanunua, lakini jina la siku halimhusu.

Kuhusu "Siku ya Wapenzi", tatizo liko kwenye upana wa neno. Mpenzi ni mwandani wa moyo, lakini pia ni shabiki: mpenzi wa soka, mpenzi wa taarabu. Mtangazaji anayesema "wapenzi wasikilizaji" hamchumbii mtu. Kwa upande mwingine, watu wawili wakitajwa kuwa "wapenzi", akili ya msomaji huenda moja kwa moja chumbani, na ndugu, marafiki, mama na mwanawe huachwa nje. "Wapendanao" haifungi mlango huo. Mtu anaweza kumpelekea dadake ua bila neno kumsuta. Kwa muuza maua, hilo si jambo dogo.

"Wapendwa" nalo liache. Limeshazoeleka makanisani kama salamu ya waumini, na kwenye matangazo ya vifo lipo kila siku: "mpendwa wetu". Hutaki liwe juu ya shada la mawaridi mekundu.

Sasa tuje kwenye jina Valentine, maana hapa ndipo karatasi yako ilipojikwaa zaidi. Kwanza, hakuna lugha ya Kirumi. Kirumi ni sifa: namba za Kirumi, sheria za Kirumi, dola ya Kirumi. Lugha yao ni Kilatini. Na katika Kilatini, Valentinus halina habari ya mapenzi hata kidogo. Linatokana na kitenzi valere, kuwa na nguvu, kuwa mzima wa afya. Warumi walipoagana walisema vale, neno la ukoo huo huo, kama sisi tunavyomwambia mtu "kaa salama". Likitafsiriwa kwa karibu, Valentino ni "Hodari" au "Imara". Majina ya namna hii yakiingia Kiswahili kwa mlango wa kanisa, -us ya mwisho mara nyingi huwa -o: Paulus akawa Paulo, Markus Marko, Titus Tito. Kwa mkondo huo, mtakatifu ni Valentino. Na "Mt." ni ufupisho mzuri wa Mtakatifu, ila kwa mji kama wa kwenu, ambako mabango mengi yameandikwa Mt. Meru kwa Kiingereza, ni heri uandike neno zima. Usije ukamfanya Valentino mlima, au Meru mtakatifu.

Jina la mtu mwenye nguvu lilifikaje kwenye mapenzi? Hii ndiyo sehemu tamu ya swali lako. Kalenda za kale za Kanisa zinataja zaidi ya Valentino mmoja tarehe 14 Februari: padri wa Roma, askofu wa Interamna, mji unaoitwa Terni leo, kiasi cha kilomita 100 kaskazini mwa Roma, na wa tatu aliyeuawa Afrika, yaani jimbo la Warumi la kaskazini ya bara, si bara zima. Wawili wa kwanza wanahusishwa na barabara ile ile ya Flaminia, iliyotoka Roma kuelekea kaskazini, na wataalamu wengi hushuku kwamba huenda ni mtu mmoja aliyesimuliwa mara mbili. Kwamba jina hilo liliheshimiwa mapema hakuna ubishi: Papa Yulio wa Kwanza, wa miaka 337 hadi 352, alijenga basilika kando ya barabara hiyo. Habari za maisha ya Valentino, hata hivyo, ziliandikwa karne kadhaa baada ya kifo chake. Ndani yake tunasoma kwamba padri wa Roma alihojiwa mbele ya Kaizari, akamponya binti kipofu katika nyumba ya Asterio aliyekabidhiwa kumlinda, nyumba nzima ikabatizwa, naye akauawa. Yule wa Terni alimponya kijana mwenye ulemavu, mwana wa mwalimu aliyeitwa Kratoni. Ni masimulizi ya uponyaji na imani. Humo hamna waridi, hamna kadi, wala harusi ya askari.

Ndoa za siri ziliongezwa baadaye sana, pamoja na ile barua ya kuaga ambayo eti alimwandikia binti aliyeponywa, akamalizia kwa kutaja jina lake mwenyewe. Hakuna maandishi ya wakati wa Klaudio wa Pili, ndiye huyo "mfalme Klaudio" wa karatasi yako, yanayoonyesha kwamba aliwakataza askari kuoa.

Mapenzi yaliingia kupitia ndege. Katika miaka ya 1380 hivi mshairi wa Kiingereza Geoffrey Chaucer alitunga shairi refu ambamo ndege wote hukusanyika siku ya Mtakatifu Valentino, kila mmoja achague mwenzake. Wakati huo huo Oton de Grandson alikuwa akitunga mashairi ya mapenzi ya siku hiyo kwa Kifaransa. Kabla yao hatuna maandishi yanayoiunganisha tarehe hiyo na mapenzi. Baada yao mambo yalikwenda kasi, na hapa mpenda lugha anyooshe sikio: jina la mtakatifu likageuka nomino ya kawaida. Februari 1477 Margery Brews, msichana wa Norfolk, Uingereza, alimwandikia mchumba wake John Paston barua akimwita valentine wake mpendwa. Barua hiyo ipo mpaka leo katika Maktaba ya Uingereza, London. Hapo valentine si mtakatifu tena, ni mtu unayempenda. Baadaye likawa pia jina la kadi yenyewe.

Kiswahili hakikufuata njia hiyo. Kiingereza kimebebesha neno moja mizigo mitatu, mtakatifu, mpenzi na kadi, nasi kila mzigo tumeupa mbebaji wake. Mtakatifu ni Valentino. Kadi ni kadi ya Siku ya Wapendanao. Mtu ni mpenzi, mwandani, laazizi, mahabubu, au mchumba ikiwa posa imekwishapelekwa. Kwa hiyo ile sentensi ya kadi za Kiingereza, ya kumwomba mtu awe valentine wako, usiitafsiri "Uwe Valentino wangu". Umemwomba awe shahidi wa karne ya 3 aliyekatwa kichwa. "Uwe wangu" inatosha, na ina utamu wake.

Utasikia pia kwamba sikukuu hii ni Luperkalia iliyovishwa kanzu ya Kikristo. Luperkalia ilikuwapo kweli. Warumi waliiadhimisha tarehe 15 Februari: walichinja mbuzi na mbwa penye pango la Luperkali, chini ya kilima cha Palatino, kisha vijana wakakimbia mjini wakiwachapa watu kwa vipande vya ngozi ya mbuzi, na wanawake wengine walijisogeza wachapwe kwa imani kwamba watapata uzazi mwepesi. Vifaa vya utakaso vya msimu huo viliitwa februa, na mwezi ukapata jina lake humo. Papa Gelasio wa Kwanza, aliyeongoza Kanisa mwaka 492 hadi 496, aliandika barua kali kuwalaumu Wakristo walioishikilia sherehe hiyo. Lakini kulaumu Luperkalia ni jambo moja, na kuibadilisha kuwa siku ya wapenzi ni jambo lingine. Na ile habari ya wasichana kuandika majina yao, yakatiwa chunguni na wavulana wakachagua, waandishi wa Kirumi hawaitaji kabisa.

Turudi kwenye karatasi yako, neno kwa neno.

"Husheherekea" iwe "husherehekea". Shina ni sherehe: kwanza she-re-he, ndipo -kea. Kosa hili limesambaa mpaka kwenye mabango ya harusi.

"Aliyewaoa askari" ndilo kosa litakalowachekesha watu. Kuoa ni tendo la bwana harusi. Ulivyoandika, padri amejitwalia askari kuwa wake zake, tena kikosi kizima. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa, wawili huoana. Mzazi huoza au huozesha. Wengi hukimbilia "ozesha" kwa sababu "oza" linagongana na lile la maembe. Padri, shehe au msajili hufungisha ndoa. Andika "aliwafungisha ndoa askari".

"Mfalme Klaudio" ni hatari kwa sababu mbili. Watawala wa Rumi baada ya Augusto huitwa Kaizari au Kaisari, si wafalme. Warumi wenyewe walilichukia neno mfalme tangu walipowafukuza wafalme wao wa zamani. Halafu Klaudio ni wengi. Msomaji wa Biblia atamkumbuka yule wa Matendo ya Mitume, aliyewatoa Wayahudi Rumi. Huyo alitawala mwaka 41 hadi 54. Anayetajwa na hadithi hii ni Klaudio wa Pili, wa mwaka 268 hadi 270. Kati yao kuna zaidi ya miaka 200, na tofauti nzima inashikiliwa na maneno mawili, "wa Pili". Kuhusu Rumi na Roma: Rumi hufaa zaidi kwa dola ya kale, Roma kwa mji na kwa Kanisa Katoliki.

"Alinyongwa" si kisawe cha "aliuawa kwa amri ya serikali", ingawa magazeti yametuzoesha hivyo kwa kuwa hukumu ya kifo kwetu ni kamba. Kunyonga ni shingoni, kwa kamba au kwa mikono. Masimulizi ya Valentino yanasema alikatwa kichwa. Mwaka nao uache: wengine huandika 269, wengine 270, na hakuna ushahidi wa kumpa mmoja ushindi. "Karne ya 3" inatosha. Ukitaka neno moja la heshima kwa aliyeuawa kwa ajili ya dini, ni shahidi, kama tunavyosema Mashahidi wa Uganda. Wakatoliki husema pia mfiadini. Lisikutishe kuwa shahidi ni wa mahakamani vilevile: anayetoa ushahidi kwa mdomo na anayeutoa kwa damu wanaitwa jina moja katika Kiarabu tulikolitoa, na katika Kigiriki cha Wakristo wa kwanza ilikuwa hivyo hivyo.

"Ilianzishwa na" ifute kabisa. Mtakatifu haanzishi sikukuu yake mwenyewe. Huanzishiwa na walio hai.

Limebaki moja ambalo hukuliuliza. Karatasi yako inasimulia hadithi kana kwamba ni taarifa ya polisi. Kiswahili kina vitenzi vya kupimia uzito wa habari, navyo havilingani. "Inasemekana" huleta habari inayotembea midomoni bila kuidhamini. "Inaaminika" huongeza kwamba wapo wanaoishika kwa moyo. "Inadaiwa" hunusa ubishi, ndiyo maana imejaa kwenye habari za mahakamani. Usimpelekee Valentino, hajashtakiwa tena. Kwa ndoa za siri, "inasemekana" ndiyo saizi yake. Na tazama mchezo wa lugha: ndani ya "inasemekana" mna -an- kama ndani ya "wapendanao", lakini humo hakuna anayemsema mwenzake. Hiyo imeshikamana na -ek- ikafanya -ekana, ya jambo linalotokea bila mtendaji kutajwa, kama julikana, onekana na patikana. Linganisha patana na patikana: watu hupatana, sukari hupatikana.

Karatasi ikishanyooshwa itasomeka hivi:

"Kila ifikapo tarehe 14 Februari, watu wengi duniani husherehekea Siku ya Wapendanao. Tarehe hii ni ya Mtakatifu Valentino, shahidi wa karne ya 3 anayehusishwa na barabara ya Flaminia, kaskazini mwa Roma. Inasemekana aliwafungisha ndoa askari kwa siri, kinyume cha amri ya Kaizari Klaudio wa Pili, akakamatwa, akakatwa kichwa. Siku yake ilianza kuhusishwa na mapenzi katika mashairi ya Kiingereza na Kifaransa ya karne ya 14."

Angalia -ka- katika "akakamatwa, akakatwa": inaendeleza msururu ulioanzishwa na "inasemekana", kwa hiyo huhitaji kuirudia kila sentensi. Ukivunja msururu ukaandika "Alikatwa kichwa" kama sentensi mpya, umeitoa kwenye masimulizi ukaithibitisha wewe.

Kwenye kadi yenyewe, "Heri ya Siku ya Wapendanao" ni sawa, na "Nakutakia Siku njema ya Wapendanao" pia. Siku, Wapendanao na Valentino huanza kwa herufi kubwa hapo kwa sababu ni jina maalumu. Ukisema tu "wapendanao hawa wawili", herufi ndogo. Bei utakazobandika zisome "mawaridi mekundu" au "maua mekundu ya waridi". Si "maua nyekundu", ambayo nimeiona hata kwenye maandishi ya dhahabu. Na mteja akitaka umwandikie maneno yake, chunga ngeli: mapenzi yangu, mahaba yangu, upendo wangu, pendo langu, huba yangu. Pendo na upendo ni ndugu, lakini kila mmoja ana kiambishi chake.

Ukiwa na wateja Wakatoliki, mmoja anaweza kukuambia kwamba 14 Februari si siku ya Valentino tena. Ana hoja. Kalenda ya Kanisa lote ilipopangwa upya mwaka 1969, Valentino alitolewa humo, ingawa jina lake limebaki katika orodha rasmi ya mashahidi. Tarehe yake sasa ni kumbukumbu ya Sirili na Metodi, ndugu wawili wa Thesalonike waliowapelekea Waslavi Injili kwa lugha yao. Sirili alifariki Roma tarehe 14 Februari 869, na ndiye anayehesabiwa kuwa alibuni herufi za kwanza za kuandikia Kislavi. Mteja huyo unaweza kumuuzia shada bila kubadilisha jina la siku: ndugu hao nao walikuwa wapendanao.